Stars Above ya Marissa Meyer: kwa nini nasema isomwe mwisho (uzi wa wapenzi wa Lunar Chronicles)

Kurasa_Mia (mwanzisha uzi)

Wadau wa vitabu, habari zenu.

Swali la mpangilio wa kusoma Lunar Chronicles limeulizwa tena kwenye uzi mwingine, na jibu lililoungwa mkono na wengi ni hili: anza na hadithi fupi ya Glitches, ndipo uingie Cinder, kisha kila hadithi fupi uichomeke kwa kufuata umri wa wahusika. Mimi sikubaliani, na mistari miwili ya majibu haitoshi, ndiyo maana nimefungua uzi. Natahadharisha mapema kwamba nitataja mambo ya vitabu vyote. Ambaye hajamaliza Winter aishie hapa, akimaliza atatukuta.

Kwa wasioujua mfululizo: Marissa Meyer ni Mmarekani wa Tacoma, jimbo la Washington. Alichukua ngano nne za kale akazipeleka mbele sana, enzi za baada ya Vita Kuu ya Nne ya Dunia. Cinder (2012) ni Cinderella, ila binti huyu ni saiborgi, mkono na mguu wake ni vya chuma, na kazi yake ni fundi mitambo mwenye kibanda sokoni New Beijing. Scarlet (2013) ni yule binti wa kofia nyekundu, anaishi shambani Rieux, Ufaransa, na bibi yake ametoweka. Cress (2014) ni Rapunzel, na mnara aliofungiwa ni setilaiti. Winter (Novemba 2015) ni Snow White, mtoto wa kambo wa malkia wa Mwezini. Visa vyote vinne vinafumwa kuwa kimoja: Malkia Levana wa Luna (yaani Mwezini) anaitaka Dunia, tauni iitwayo letumosis inamaliza watu, na mrithi halali wa kiti cha Luna, Selene, ambaye kila mtu anaamini aliungua moto akiwa na miaka mitatu, yu hai na mwenyewe hajijui.

Stars Above ilitoka Februari 2016. Ina hadithi tisa. Nne zilikuwa zimeshatoka moja moja, tano zilikuwa mpya kabisa. Glitches ilitoka mtandaoni mwishoni mwa 2011, kabla Cinder haijafika madukani, na nadhani hapo ndipo wazo la "anza nayo" lilipozaliwa.

Sasa hoja yangu. Hadithi zenye nguvu katika kitabu hiki ni za watu waliolipa ili Cinder afike alikofika. Na huwezi kuhisi uzito wa malipo kama hujaona kilichopatikana.

Chukua The Keeper, ya kwanza kitabuni. Michelle Benoit, bibi yake Scarlet, alikuwa rubani wa jeshi. Ujanani alikwenda Luna na msafara wa kidiplomasia, huko akapendana na daktari, Logan Tanner, akarudi Duniani na mimba ambayo hakumwambia mtu baba yake ni nani. Miaka inapita, amekuwa mkulima, ndipo Logan anapotokea amebeba mtoto wa kike aliyeungua mwili. Kuanzia siku hiyo Michelle anamficha mtoto huyo chini ya ardhi shambani kwake, amelazwa ndani ya tangi, amezimishwa, hakui kama watoto wengine wanavyokua, hacheki, hajui lolote. Anakaa hivyo mpaka anafikisha miaka kumi na mmoja. Juu ya ardhi maisha yanaendelea: mwanawe Luc ana uchungu na mama ambaye daima kuna kitu anamficha, na mjukuu, Scarlet mdogo, anatoroka kwa baba yake Paris aje kuishi na bibi, wakati ambao ni wa hatari kuliko wote.

Aliyeanza na hadithi hii atasema ni nzuri, ina siri. Aliyemaliza Scarlet anajua huyu bibi atakamatwa, atateswa kwa ajili ya siri hii, na atakufa hajaitoa. Kila anaposhuka kumtazama mtoto kwenye tangi, msomaji anajua kitakachomfika. Hayo ndiyo maandishi yale yale, maneno yale yale, lakini ni hadithi mbili tofauti, na ya pili ndiyo kubwa.

Halafu kuna hili: The Keeper inakuonyesha tangu mwanzo kwamba Selene ndiye huyo mtoto wa kwenye tangi, yaani Cinder. Siri ambayo Cinder inaitunza mpaka kurasa zake za mwisho, wewe umeshaimwaga mezani.

Karibuni tujadili.

Dada_wa_Maktaba

Nakuheshimu Kurasa, ila mimi nakaa na watoto wa kidato cha kwanza na cha pili kila siku, acha niseme ninachokiona. Ukimpa mtoto Winter, kitabu chenye zaidi ya kurasa 800, anakitazama tu na kukurudishia. Ukimpa Glitches, anaimaliza kipindi kimoja cha maktaba, na kesho yake yuko dirishani anauliza nini kilimpata yule msichana. Nimewapata wasomaji wengi kwa njia hiyo, na wengine mpaka leo ni walewale wanaoniomba vitabu.

Na Glitches haimwagi siri. Inatuonyesha Cinder mwenye miaka kumi na mmoja akifika New Beijing na Linh Garan, hakumbuki maisha yake ya nyuma, mwili wenyewe bado hauzoei. Mama wa kambo, Adri, hamtaki tangu mlangoni. Peony, binti mdogo wa nyumba, anampokea vizuri. Kisha anaitengeneza Iko, yule roboti ambaye kila mtu anasema ni mbovu. Hapo mtoto ameshampenda Cinder. Kuna ubaya gani?

Kurasa_Mia

Dada, kwa Glitches peke yake nakubali inaweza kusimama mbele, hasa kwa mtoto anayeogopa unene wa kitabu. Ninachokataa ni ule mpango mzima wa kuzichomeka zote.

Lakini hata Glitches, ukiirudia baada ya vitabu vinne, kuna mtu anayeinuka ambaye mara ya kwanza hukumwona. Garan. Mara ya kwanza ni baba wa kambo mpole anayekufa mapema, kama wanavyokufa baba wote kwenye ngano za aina hii. Mara ya pili unajua aliitwa mpaka Ufaransa kwa sababu ya kifaa alichobuni, cha kumkinga mtu asiingiliwe akili na watu wa Luna, na unajua kwamba alikubali kumchukua mtoto huyo nyumbani kwake akijua ni nani, bila kumweleza mke wake. Anarudi, letumosis inamkamata, anachukuliwa. Mke anabaki na wasiwasi, madeni, watoto wawili, na msichana wa chuma ambaye haelewi kwa nini aliletwa. Adri ni mkatili, hilo halina mjadala. Ila Glitches inakuonyesha ukatili huo ulianzia kwenye swali ambalo hakuna aliyemjibu.

Nyota_ya_Kivu

Salamu toka Bukavu. Mimi nitasemea The Queen's Army, kwa sababu sijaona mtu anaigusa na kwangu ndiyo iliyonikaa.

Ze'ev Kesley ana miaka kumi na miwili. Wanakuja kumchukua nyumbani kwa wazazi wake, kwa amri ya malkia, na wazazi hawana cha kusema. Wanambadilisha mwili, wanamtia vitu vya mbwa mwitu, wanamweka kwenye kundi ambalo mwenye nguvu ndiye anakula kwanza. Baadaye mdogo wake Ran naye analetwa, na undugu wenyewe unaharibika humo. Msomaji wa Ulaya au Marekani anaweza kusoma akasema ni mambo ya kubuni ya Mwezini. Sisi huku mashariki ya Congo tunaisoma vingine kabisa. Hadithi hii ilitoka 2012. Mwaka huohuo, mwezi wa tatu, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague ilitoa hukumu yake ya kwanza tangu kuanzishwa, na ilikuwa juu ya Thomas Lubanga, kwa kuingiza watoto wa chini ya miaka kumi na mitano vitani kule Ituri. Sisemi mwandishi alikuwa anatufikiria. Nasema aliyeandika hadithi ile alielewa jambo moja la kweli: mtoto akishachukuliwa, wanaomchukua wanamfundisha kwanza kuogopa kuwa dhaifu, na mengine yanafuata yenyewe.

Ninachompendea Meyer hapa ni kwamba hamfanyi Ze'ev malaika. Anaumiza wengine. Anajifunza kuumiza. Ila ndani kuna sehemu ndogo ambayo haitaki kugeuzwa mnyama kabisa, na uamuzi wake wa mwisho unatoka humo. Ni hadithi fupi, lakini ilinifanya nimsamehe Wolf, ndilo jina la Ze'ev akiwa mtu mzima, mambo ambayo katika Scarlet sikuwa nimemsamehe.

Kurasa_Mia

Asante sana ndugu yangu, maelezo haya yamefaa kuliko yote niliyowahi kusoma kuhusu hadithi hiyo.

Niongeze kimoja, maana kinarudi kwenye hoja ya mpangilio. Wazazi wale wanaoachwa mwanzoni mwa The Queen's Army: mama ni Maha Kesley. Katika Winter, Wolf anarudi kwao, kwenye sekta ya wachimba madini, na mama bado yuko. Baada ya miaka yote ile anamwona mwanawe. Halafu anauawa mbele yake. Aliyeanza na hadithi fupi, mama ni mtu wa kupita tu kwenye kurasa za kwanza. Aliyeimaliza Winter, anajua huyu mama na huyu mtoto wamebakiwa na muda mfupi kiasi gani, na kwamba muda huo wameporwa.

Fundi_wa_Kariakoo

Naomba na sisi mafundi tuseme. Watu wengi hapa wanaidharau The Mechanic kwa sababu ni tukio la mwanzo wa Cinder lililorudiwa kwa macho ya Kai, mwana wa mfalme. Mimi naitetea.

Mfalme mtarajiwa anaingia sokoni amejifunika, amebeba roboti yake Nainsi iliyozimika, na ndani ya roboti hiyo kuna taarifa alizokuwa akizitafuta kuhusu Selene. Hawezi kumpeleka kwa mafundi wa ikulu. Anakwenda kwa fundi wa mtaani anayesifiwa kuwa bora mjini, akitegemea kumkuta mzee, anamkuta binti mdogo mwenye grisi usoni. Sisi tunaofanya kazi hizi tunaijua ile sura ya mteja. Anakuja na kifaa, anakuambia "kimezima tu", na unajua kabisa kuna jambo hakusemi. Wewe nawe una yako humsemi. Cinder ana glavu zinazoficha mkono wa chuma, Kai ana siri ndani ya roboti, na wote wawili wanazungumza habari za kurekebisha. Meyer ameshika vizuri sana adabu ya kibanda cha fundi.

Na The Little Android nayo imo humo humo kwenye ufundi. Cinder anapita kidogo tu, kama fundi aliyeletewa kazi, ila kazi yenyewe ndiyo inayobadilisha maisha ya mhusika.

Kurasa_Mia

Mkuu, jicho lako la fundi limenionyesha kitu kwenye The Mechanic, hasa hilo la kila mmoja kuficha lake. Bado naona haina jipya la kutosha. Mazungumzo tumeshayasikia kwenye Cinder, tukio tumeshaliona, na Kai ni mtu ambaye alistahili hadithi yake mwenyewe ya ikulu, ya kijana anayemwona baba yake akiondoka na kiti kikimjia. Kati ya zile tisa ningeitoa hii na Carswell's Guide to Being Lucky. Hiyo ya Carswell Thorne ni ya kufurahisha, kijana wa Los Angeles mwenye maneno mengi na hesabu za kunakili, lakini ukiifunga imekwisha.

The Little Android ni habari nyingine kabisa. Nilikuwa nasubiri mtu aitaje.

Bint_Mkunazini

Assalaam alaykum wapenzi. Nimewasoma wote, na hapa kwenye The Little Android nina la kusema, mniwie radhi nikirefusha.

Meyer hakuanza na Cinderella. Kabla ya vitabu vyote hivi alikuwa akiandika hadithi za mashabiki wa Sailor Moon, na siku moja aliingia shindano la uandishi akatunga hadithi ya Paka Mwenye Viatu aliyewekwa zama zijazo. Kutokana na hiyo ndipo likaja wazo la mfululizo mzima wa ngano za kisayansi, na Novemba 2008, kwenye ile changamoto ya kuandika riwaya ndani ya mwezi mmoja, akaandika rasimu za kwanza za Cinder, Scarlet na Cress.

Sasa sisi wa Unguja hadithi ya Paka Mwenye Viatu tunayo ya kwetu. Iko katika Swahili Tales, kitabu cha Edward Steere kilichochapwa London mwaka 1870, cha hadithi alizozipokea Unguja. Inaitwa Sultani Darai. Mnyama wake ni paa. Maskini aliyekuwa akichakura jaani anaokota thumni, ananunua paa, na paa ana maneno. Paa anachimbua almasi, anampelekea Sultani, anamwambia imetoka kwa bwana wake. Anamposea bwana wake binti wa Sultani. Anapigana na nyoka mwenye vichwa saba ili bwana wake apate jumba. Yote hayo amefanya yule mnyama. Kwenye ngano ya Kifaransa ya Charles Perrault, ya 1697, paka anaishia kuwa mtu mkubwa na raha tele. Ya kwetu haiishi hivyo. Paa anaumwa. Anamtuma kikongwe kwa bwana wake, na bwana anasema mpikieni uji wa mtama mwekundu, kwani yeye si kitu, nilimnunua kwa thumni. Mke analia na kumsihi, bwana hasikii. Paa anakufa kwa majonzi, anatupwa kisimani. Sultani anapopata habari anashuka mwenyewe kisimani na watu wake, paa anazikwa kwa heshima na nchi nzima inamlilia. Mwishowe yule bwana anaamka asubuhi yuko jaani, anachakura kama zamani.

Niliposoma The Little Android nikamkumbuka yule paa. Mech6.0 ni mtambo wa kazi kwenye karakana ya vyombo vya anga. Anamwokoa kijana, Dataran, na tangu hapo kuna kitu kimeamka ndani yake ambacho mitambo haitakiwi kuwa nacho. Kama nguva wa Andersen, wa 1837, anapata mwili mwingine ili awe karibu naye, na kama nguva yule hana sauti. Anampenda mtu ambaye moyo wake uko kwa mwingine, hawezi kumwambia, na inapofika saa ya kuchagua anachagua kijana yule aishi na ampendaye.

Swali la hadithi zote hizi ni moja: aliyetumika, anadaiwa nini na aliyetumikiwa? Wazee wa Unguja walijibu kwa ukali, wakamrudisha bwana jaani. Andersen alimpa nguva matumaini ya roho. Meyer hampi mtambo wake chochote. Anamwachia msomaji tu amjue.

Kurasa_Mia

Wa alaykum salaam dada. Hii ingeweza kuwa uzi wake peke yake. Sikuwa nimewahi kumweka yule paa na Mech6.0 pamoja, na sasa siwezi kuwatenganisha.

Umenifungulia njia ya hadithi ninayoiona bora kuliko zote tisa, The Princess and the Guard, kwa sababu nayo inauliza kuhusu kumtendea mtu mwema, ila kwa upande wa mwenye nguvu.

Winter amekulia ikulu ya Luna. Watu wake wana kipaji cha kugusa umeme wa mwili wa mwenzao na kumwonyesha kisichokuwepo, au kumfanya ahisi asichotaka kuhisi, au kumwinua mkono asiotaka kuinua. Wakubwa wa Luna wanakitumia kwa kiini macho na kwa utumwa. Winter ni mtoto mwema, anataka kukitumia kwa huruma. Siku moja anamkuta mtumishi wa ikulu aliyekata tamaa, anataka kujiua. Winter anamgusa akili, anamtia furaha. Mwanamke anaacha. Mtoto anajiona amefanya jambo kubwa, na nani angemlaumu? Anaendelea kumpa furaha. Lakini chanzo cha mateso ya yule mwanamke, mkubwa wa ikulu anayemdhulumu, kipo palepale, na hakuna aliyekigusa. Furaha ya kupandikizwa inamfunika tu asiweze hata kulia. Mwishowe mwanamke anajiua kweli.

Winter anaapa kutokitumia kipaji chake tena, hata kwa wema. Na mtu wa Luna asipokitumia, akili yake inaanza kumsaliti. Katika Winter tunamkuta anaona kuta zinatoka damu, na wengi tulimpenda tu kama binti mzuri mwenye wazimu. Hadithi hii inaonyesha wazimu ule aliuchagua, akijua bei yake, akiwa bado mtoto. Ndicho kilichompata Logan Tanner pia katika The Keeper: daktari anayejificha Duniani, hatumii kipaji, na Michelle anamtazama mwanaume aliyempenda akipotea kidogo kidogo.

Waweke pembeni ya Levana. Fairest, kitabu cha Levana kilichotoka Januari 2015, kinaonyesha mwanamke aliyemlazimisha Evret Hayle, baba yake Winter, kumpenda kwa kipaji kilekile, na mpaka mwisho anaamini ule ni upendo. Mama wa kambo analazimisha watu wampende, na binti wa kambo anakataa hata kumlazimisha mtu afurahi. Kwenye riwaya ya Winter jambo hili limetajwa kwa kupita, kwa sababu kulikuwa na mapinduzi ya kuandika. Ilihitaji hadithi fupi, yenye mtoto mmoja, mlinzi mmoja kijana na mtumishi mmoja, ndipo lionekane lote. Na Jacin, yule mlinzi, anajifunza mapema sana kwamba kumpenda Winter ni kumwacha aumie kwa uamuzi wake mwenyewe.

Msafiri_wa_Usiku

Naomba kuuliza wakuu. Afrika iko wapi kwenye haya yote? Nimesoma vitabu vyote, najua Muungano wa Afrika ni moja ya nchi sita za Dunia, lakini hadithi tisa za nyongeza hazina hata moja ya kwetu.

Kurasa_Mia

Uko sahihi, na inauma kwa sababu nafasi ilikuwepo. Cress ina sehemu ndefu Sahara. Setilaiti inaanguka jangwani, Cress na Thorne wanatembea, Thorne amepofuka, wanafika Kufra, mji ambao upo kweli huko Libya. Dokta Erland, mtafiti wa tauni, amejificha Farafrah, ambayo ni oasisi ya kweli ya Misri. Wakazi wa Farafrah wa kitabuni wanaishi na watu wa Luna waliotoroka, tauni imewapitia, na wanaichagua kambi ya Cinder mapema kuliko mataifa makubwa. Wanapigana na askari wa Jumuiya ya Mashariki, nchi ya Kai, mtaani kwao. Halafu kitabu kinaondoka na wao wanabaki nyuma.

Kama hoja yangu ni kwamba hadithi hizi ni za watu waliolipa, basi watu wa Farafrah walilipa na hawakuandikiwa. Ningeibadilisha The Mechanic na hadithi ya mji huo bila kusita.

Na kwa upande wa Cress mwenyewe, wasomaji wasiiruke After Sunshine Passes By. Ana miaka tisa, yuko kwenye mabweni ya watoto waliozaliwa bila kipaji, waliotangazwa wamekufa kwa wazazi wao na kufichwa chini ya ardhi, wakichukuliwa damu. Sybil, msaidizi wa Malkia Levana, anapomchagua kwa sababu ya akili yake na kompyuta, mtoto anafikiri amepata bahati. Anaimba. Kisha mlango wa setilaiti unafungwa. Ni kurasa chache na sina cha kuongeza juu yake.

Dada_wa_Maktaba

Haya Kurasa, umenivuta nusu. Nitaendelea na Glitches kwa watoto wangu, zile nyingine nitaziweka kabati la juu mpaka wamalize Winter. Kwa hiyo mpangilio wako ni upi, kwa ufupi, nibandike ukutani?

Kurasa_Mia

Fuata miaka ya kutoka: Cinder, Scarlet, Cress, Fairest, Winter, Stars Above. Ndani ya Stars Above usiruke, soma kama zilivyopangwa. Ya mwisho, Something Old, Something New, ni harusi ya Scarlet na Wolf palepale shambani Rieux, na wote tunaowajua wanakusanyika. Mwandishi ameifunga kwenye shamba la Michelle Benoit, juu ya ardhi ileile aliyomficha Cinder, na aliyeanza kitabu na The Keeper hahitaji kuelezwa ni nani hayupo kwenye meza.

Nyota_ya_Kivu

Kabla hatujafunga, kila mtu aseme: hadithi ya kumi ingekuwa ya nani? Mimi ya Maha, miaka ile aliyokaa bila watoto wake.

Bint_Mkunazini

Mtumishi wa Winter. Hana hata maisha kabla ya siku ile ya kwanza. Nataka kumjua alipokuwa hajavunjika.

Kurasa_Mia

Peony. Ndiye mtu wa kwanza New Beijing aliyemwita Cinder dada, na ana miaka kumi na minne letumosis inapompata. Tunajua karantini kwa macho ya Cinder tu, anapofika na dawa mkononi amechelewa. Siku zile kabla Cinder hajafika, Peony akiwa kitandani kati ya wageni, akimsubiri, hazijaandikwa popote.